Acheni Ukimya wa Hancock Kama Ulivyo

Programu nyingi za kusikilizia podikasti siku hizi zina kitufe cha kuruka ukimya. Ukikiwasha, kila mahali sauti inapotulia panafupishwa, na wewe unasonga mbele bila hata kujua kilichoondoka. Sasa tabia hiyo imeingia kwenye vichekesho vya zamani vya redio ya BBC. Watu wanaelekezana: kile kipindi cha mchekeshaji Mwingereza Tony Hancock kuhusu Jumapili mchana kinakwenda polepole mno, washa kitufe, ongeza mwendo hadi 1.5, utakimaliza chapuchapu.

Hapana. Ukifanya hivyo hujasikiliza kipindi, umesikiliza makapi yake.

Nazungumzia "Sunday Afternoon at Home", kilichorushwa Jumanne ya tarehe 22 Aprili 1958 katika mfululizo wa Hancock's Half Hour. Waandishi ni Ray Galton na Alan Simpson. Habari yenyewe inaenea kwenye kiganja: ni Jumapili, mvua inanyesha, watu wanne wamekwama ndani ya nyumba ya Hancock, mtaa wa Railway Cuttings, na hakuna la kufanya. Tony Hancock analalamika. Sid James anataka aachwe asome gazeti lake. Bill Kerr yupo yupo tu. Hattie Jacques amepika chakula cha mchana, na chakula hicho kinasemwa vibaya. Baadaye jirani, ambaye ni Kenneth Williams, anabisha hodi. Basi. Hakuna mwizi, hakuna ajali, hakuna barua iliyopotea.

Sikiliza mwanzo wake. Hancock anashusha pumzi. Anapiga miayo. Anaguna maneno mawili matatu ya mtu aliyechoka na dunia, ananyamaza, kisha anayarudia yaleyale kwa sauti iliyoshuka zaidi. Ananyamaza tena. Ndipo anauliza saa ngapi, na Bill anamwambia ni saa nane mchana. Ni saa nane tu! Jumapili nzima bado imewakalia kifuani. Mpaka hapo hakuna mzaha hata mmoja uliotamkwa, na ukumbi umeshaanza kucheka.

Hadhira ile inacheka nini? Inacheka muda. Mtu anayesikiliza naye amekaa kimya pamoja na wale wanne, amesubiri neno lije, halikuja, na lilipokuja lilikuwa lilelile. Kuchoshwa kwa Hancock hakusimuliwi, kunapitishwa kwenye saa ya msikilizaji mwenyewe. Uandishi wa namna hii ni mgumu kuliko kuandika mizaha kumi kwa dakika, kwa sababu ukurasa wa skripti unabaki karibu mtupu na mwigizaji hana pa kujificha.

Hebu tuangalie kitufe kinafanya nini hasa, maana wengi wanadhani kinaondoa hewa tu. Programu ya sauti haijui ukimya. Inajua kiwango. Unaiwekea kikomo, tuseme desibeli (kipimo cha nguvu ya sauti) 40 chini ya kilele, halafu unaiambia kila kinachokaa chini ya kikomo hicho kwa zaidi ya nusu sekunde kipunguzwe hadi robo sekunde. Sasa chukua pumzi ya Hancock. Inaanza na mguno unaosikika vizuri, inashuka, inaishia kwenye mkia wa hewa unaofifia puani. Mguno unapita kikomo, unabaki. Mkia uko chini, unakatwa. Pumzi ya mtu aliyekata tamaa inageuka kuwa kikohozi cha mtu mwenye haraka. Miayo nayo ni hivyohivyo: mdomo unafunguka, halafu kufunga kwake hakupo.

Baya zaidi ni kicheko. Kicheko cha ukumbi kiko juu ya kikomo, kwa hiyo programu haikigusi. Inachokata ni ule utulivu uliokizaa. Matokeo yake unasikia maneno, kicheko, maneno, kicheko, vimebanwa kama abiria wa daladala saa kumi na mbili asubuhi, na vicheko vyenyewe havina sababu. Msikilizaji mgeni akisikia hivyo anaamua kwamba wazee wa 1958 walicheka ovyo. Hawakucheka ovyo. Walimwona Hancock jukwaani, ameshika skripti mkononi mbele ya kipaza sauti, uso umemlegea, anasubiri, na waliangua kicheko pale ambapo hakuna neno. Kile kicheko kisicho na neno ndicho kinachomwambia aliye nyumbani uso ule ulikuwaje. Ukikata kimya kilichotangulia, umeufuta uso.

Na faida yake ni nini? Tupige hesabu. Tuseme kuna vituo 60, yaani mahali watu wanaponyamaza, kila kimoja sekunde 3. Ukivipunguza vyote hadi robo sekunde umepata dakika 2 na sekunde 45. Kwa dakika zisizofika tatu umeuza kipindi kizima.

Kuongeza mwendo ni kosa jingine la aina hiyohiyo. Pumzi ya sekunde 3 kwa mwendo wa 1.5 inakuwa ya sekunde 2, na sikio la binadamu linajua mara moja kwamba mapafu hayafanyi hivyo. Maneno yaliyoharakishwa sikio huyazoea haraka, lakini pumzi iliyoharakishwa haliizoei kirahisi.

Kwa taarifa ya habari, au mhadhara wa mtu anayetafuta maneno, kitufe kina kazi yake. Huko sina ugomvi nacho.

Wapo pia wanaosema Jumapili ya namna hiyo haieleweki tena, kwa hiyo tusiwabebeshe wasikilizaji wa leo. Haieleweki kwa sababu hawaelezwi. Jumapili ya Uingereza ya wakati ule ilikuwa imefungwa kwa sheria. Maduka mengi hayakuruhusiwa kufungua, na Uingereza na Wales hazikulegeza jambo hilo hadi 1994. Sheria ya 1780 ilikuwa bado inazuia burudani nyingi za kulipia kiingilio siku hiyo, ingawa sinema tangu 1932 ziliweza kupewa ruhusa mahali kwa mahali. Soka ya kulipwa haikuanza kuchezwa Jumapili hadi 1974. Baa nazo zilifunga mchana, zikafungua tena jioni. Sasa rudi kwenye ile saa nane ya Bill: chakula kimekwisha, baa zinafunga milango, mvua inanyesha, na jioni iko mbali. Hancock si mvivu, hana pa kwenda. Ukimya wake una kuta.

Galton na Simpson waliijua hali hiyo kuliko wengi. Walikutana mwaka 1948 katika hospitali ya kifua kikuu ya Milford, Surrey, wakiwa vijana wa karibu miaka 18. Tiba ya ugonjwa ule wakati huo ilikuwa zaidi kulala kitandani, miezi kwa miezi. Mtu aliyepita mchana mwingi kiasi hicho akiangalia dari anajua mazungumzo ya watu waliomaliza ya kuzungumza yanakwendaje: mmoja anasema kitu kisicho na maana, mwenzake hajibu, wa tatu anajibu kitu kingine baada ya muda.

Ndiyo maana sehemu ya ile karatasi ya mapambo ya ukutani ni nzuri sana. Hancock anakodoa macho ukutani hadi michoro inaanza kuwa sura za watu, na anataka wenzake nao wazione. Chukua hatua zake moja moja. Anatangaza. Kimya, maana wanatazama ukuta. Hawaoni. Anaeleza ukunje macho vipi. Kimya kingine, maana wanakunja macho. Kila kituo hapo ni tendo: watu wanafanya kitu ambacho redio haiwezi kukitolea sauti, na msikilizaji anakifanya pamoja nao, kwa macho yake mwenyewe, kwenye ukuta wake mwenyewe. Ondoa sekunde zile na Hancock anakuwa mtu anayeuliza swali na kujibiwa papo hapo na watu ambao hawakupata hata muda wa kugeuza shingo.

Mzaha wa mchuzi, unaonukuliwa kila mahali, wa kwamba mchuzi wa mama yake Hancock angalau ulikuwa ukitembea kwenye sahani, huku mchuzi wa Hattie unalala na kuganda, ni mzuri. Lakini ni mzaha wa maneno, unabaki mzima hata ukiukata ukautuma peke yake. Ndiyo sababu unanukuliwa, na ndiyo sababu watu wanadhani kipindi ni mchuzi.

Sid James alizaliwa Johannesburg na Bill Kerr alizaliwa Cape Town, akalelewa Australia. Nusu ya wale wanne wanaochoshwa na Jumapili ya Kiingereza walizaliwa kusini mwa Afrika, na lafudhi ya Bill, inayojivuta, inasaidia sana. Mtu anayechelewa kujibu kwa sauti ile hahitaji kufanya kingine chochote.

Kuna kundi lingine linaloharibu kwa nia njema: wanaosafisha rekodi za zamani. Nawaheshimu, kazi yao ni ya lazima, lakini naomba wanisikilize hapa. Makosa yanayojirudia ni mawili. La kwanza ni kuchukua sampuli ya kelele katikati ya kipindi, kwenye kituo kirefu, kwa kuwa panaonekana pametulia. Pale hapana kelele ya kanda peke yake. Pana watu mamia wanapumua, viti vinalia, mtu anazuia kicheko. Programu ikishafundishwa kwamba hiyo ndiyo kelele, inaifuta kutoka kipindi kizima, na Hancock anabaki anaongea ndani ya pipa. Sampuli itolewe kabla ya muziki wa kufungulia au baada ya makofi ya mwisho yakishakwisha, mahali ambapo kanda inazunguka na ukumbi haupo. Pakipatikana sekunde moja tu, inatosha.

La pili ni kupunguza kelele kupita kiasi. Desibeli 6 sikio linashukuru. Ukifika 12 au zaidi, mikia ya maneno inaanza kutoa ule mlio wa majimaji, kama mtu anasemea ndani ya bomba, na kwenye kipindi hiki mlio huo unajitokeza palepale pa thamani, kwenye utulivu, kwa kuwa hakuna neno la kuuficha. Mngurumo wa umeme wa hezi 50 (mitetemo 50 kwa sekunde) ondoeni, pamoja na kivuli chake cha 100. Mchakacho mwembamba wa kanda uacheni. Na msitumie kabisa kichujio kinachofunga sauti inaposhuka na kuifungua neno linapoanza. Kwenye hotuba hakidhuru sana. Hapa kinaufanya ukumbi ufe na kufufuka kila baada ya sentensi.

Haya yanawahusu pia wanaotengeneza michezo ya redio na vichekesho vya sauti kwa Kiswahili, ambao wengi wanarekodi chumbani kwa simu na kuhariri usiku huohuo. Kituo ni neno la mhusika. Kiandikeni kwenye skripti kwa mstari wake, na semeni ni cha muda gani: pumzi moja, au pumzi tatu. Kabla watu hawajatoka chumbani, rekodini dakika nzima ya chumba kitupu, feni ikiwa inazunguka kama ilivyokuwa, wote wamekaa walipokuwa. Hiyo ndiyo mtakayoiweka kwenye vituo wakati wa kuhariri. Msiweke sifuri. Sauti ikikatika kabisa, msikilizaji anatoa simu mfukoni kuangalia kama bando limekwisha, na mchezo umeshampoteza. Tena kabla ya kituo kirefu tieni kitu kidogo kinachosikika, kijiko juu ya sahani au kiti kikivutwa, ili sikio lijue chumba bado kina watu. Kituo cha sekunde 4 kilichotanguliwa na kijiko kinavumilika. Sekunde 2 zisizotanguliwa na chochote zinaonekana kama kosa la fundi.

Halafu kuna jirani. Kenneth Williams anaingia mwishoni, na ujio wake unafanya kazi kwa sababu moja tu: tumeshakaa mle ndani muda mrefu kiasi kwamba mlango kugongwa ni tukio. Kwa nakala iliyofupishwa anaingia kama mtu mwingine yeyote mwenye sauti ya kuchekesha, na ujirani wake hauna uzito, kwa sababu hatukuwa tumemhitaji mtu yeyote.

Ukitaka kukisikiliza sawasawa, zima kitufe cha kuruka, rudisha mwendo kwenye 1, na zima pia kile kinachopandisha sauti chenyewe kila inaposhuka, maana hupandisha mchakacho kila Hancock anaponyamaza. Weka sauti kwa kipimo cha pumzi yake ya kwanza: ukiisikia hadi mkia wake, hapo ndipo. Tumia spika, si visikizio, na kaa na mtu mwingine chumbani kama yupo.

Na nyinyi mliokwisha kuzisambaza nakala zilizofupishwa, angalau andikeni "imepunguzwa" kwenye jina la faili, pamoja na urefu wake wa sasa, ili anayeipokea ajue aitafute nzima.