Yaandikwe Kabla Kijana Hajatia Saini

"Dini iache getini." Hayo ndiyo maneno ambayo kocha alimwambia kijana wetu, na ami yake ametuletea barazani Langoni, hapa Lamu, kama yalivyo, bila kuongeza wala kupunguza.

Kijana ana miaka 18, anacheza winga ya kushoto, na ana kasi ambayo sisi tuliolelewa na mpira wa mchangani tukiiona hatuulizi mara mbili. Kuna timu huko bara ikamchukua. Ramadhani ikamkuta kambini. Akafunga kama alivyozoea tangu utotoni, akafanya mazoezi saa nane mchana pamoja na wenzake, kwenye mechi ya kirafiki pumzi ikamkatikia kipindi cha pili, akatolewa. Kesho yake akaambiwa achague: anywe maji, au akae benchi mpaka Idi. Alipojaribu kujieleza ndipo akajibiwa hilo la geti.

Kocha huyo alinichoma. Lakini aliyenifanya nikae niandike ni mzee mmoja pale pale barazani, mtu ninayemheshimu, aliyesema: "Si tulimwambia? Mpira na dini havikai nyumba moja. Na arudi kwao." Vichwa vikaitikia. Kocha huyo na mzee huyu hawajawahi kuonana, na wakionana huenda wasielewane kwa lolote, ila kwa hili wamekubaliana: kijana ni lazima ajikate vipande viwili, kimoja akitupe. Nawakatalia wote wawili.

Naanza na mzee kwa sababu ni wetu. Mji huu kila Mfungo Sita, Maulidi yakifika, punda hushindanishwa kando ya bahari, mashua hupandisha matanga kugombania ushindi, vijana huogelea kwa mashindano, na wageni waliokuja msikiti wa Riyadha husimama na wenyeji wakishangilia. Sijasikia mtu akiwaambia vijana hao kwamba mbio zimewatoa katika dini. Habari ya Mtume (s.a.w.) kushindana mbio na Bibi Aisha tumeisikia chuoni, yaani madrasani, tukiwa wadogo kabisa. Mchezo umekuwa adui lini?

Na uwanjani kwetu Twaifu je? Mpira wetu huanza saa kumi, watu wakishaswali alasiri. Jua la Lamu huzama karibu saa kumi na mbili na robo, mwezi hadi mwezi halipishani sana, kwa hiyo dakika 90 na mapumziko yake huisha na mtu akapata kunawa na kuiwahi magharibi. Mwaka jana katika Ramadhani mechi moja ilichelewa kuanza, na huyu kijana nilimwona kwa macho yangu. Alikuwa amezifunga tende mbili katika kipande cha karatasi na kuzichomeka ndani ya soksi, juu ya kinga ya ugoko. Adhana ilipolia mpira ulikuwa umetoka nje. Akainama, akatoa tende, moja akaitia mdomoni, ya pili akampa beki wa timu nyingine aliyekuwa akimkaba tangu mwanzo. Refa akangoja. Kisha kijana akarusha mpira, mechi ikaendelea.

Hapa kwetu utaratibu huo haujaandikwa popote. Refa anaujua, kocha anaujua, hata mtoto anayeuza kashata anaujua. Lakini kijana akishavuka bahari kwenda Mokowe, upande wa bara, na kupanda basi, utaratibu huo haupandi naye. Huko aendako hakuna anayeujua, na asipouandika mtu, hautakuwepo. Hilo ndilo jambo ambalo sisi watu wazima tumelishindwa, na ndilo ninalotaka kulisema kwa urefu.

Kwa muda sasa nafuatilia raga, ile ya wachezaji 13 inayochezwa Australia na kaskazini mwa Uingereza. Hapa Lamu si mchezo wetu, lakini swali la kijana wetu limeulizwa huko waziwazi na limejibiwa zaidi ya mara moja. Mchukueni Will Hopoate. Mwaka 2011, akiwa na miaka 19, aliitwa kulichezea jimbo la New South Wales katika State of Origin, mechi ambazo Australia nzima husimama kuzitazama, na mwaka huo huo akatwaa ubingwa wa ligi na Manly. Milango yote ilikuwa wazi mbele yake. Akaiacha ligi miaka miwili mizima, akaenda kuhubiri kwa ajili ya kanisa lake, lile la Wamormoni. Alirudi uwanjani 2014 na Parramatta. Alipohamia Canterbury-Bankstown Bulldogs mwaka 2016, alikuwa na makubaliano na klabu kwamba Jumapili hachezi, katika ligi ambayo Jumapili ni siku ya mechi. Klabu ilijua, wenzake walijua, mashabiki walijua. Kocha akipanga kikosi cha Jumapili anapanga bila yeye, basi.

Wako waliokasirika, hilo halikosekani. Lakini angalieni jambo hilo lilizungumzwa lini. Lilizungumzwa klabu ikiwa bado inamtaka. Klabu inayokutaka ina masikio. Ikishakupata, masikio hupungua. Kijana wa miaka 18 aliyesimama mbele ya kocha siku ya mechi, mbali na kwao, hana nguvu yoyote. Na kocha mwenye mechi ya kushinda hana subira yoyote. Hakuna saa mbaya zaidi ya kujadili saumu kuliko hiyo, na sisi ndiyo saa tunayowaachia vijana wetu. Tunampeleka mtoto baharini bila kumwonyesha usukani, halafu dhoruba ikipiga tunauliza mbona hakushika.

Mwaka 2017 Hopoate alibadili msimamo, akaanza kucheza Jumapili. Najua kuna watakaolitumia hilo kusema kwamba mwishoni mpira hushinda. Mimi silioni hivyo. Alikuwa mtu mzima, aliyechezea klabu iliyomheshimu, na uamuzi ulikuwa wake. Kijana wetu hakupewa hata nafasi ya kufikiri.

Na si Hopoate pekee. Hazem El Masri, mzaliwa wa Tripoli, Lebanon, aliichezea klabu hiyo hiyo ya Bulldogs kuanzia 1996 hadi 2009. Alikuwa Mwislamu anayeswali na kufunga saumu mbele ya wote, na alipostaafu hakuna mchezaji katika historia ya ligi ile aliyewahi kufikisha pointi zake 2,418. Sonny Bill Williams, aliyesilimu mwaka 2009, naye alitwaa ubingwa na Roosters 2013. Mwaka 2017, wakati huo akicheza raga ya watu 15, aliiziba nembo ya benki kwenye kola ya jezi kwa sababu ya riba. Kelele zilikuwa kubwa siku kadhaa kabla wakubwa hawajakubali avae kola tupu. Linganisheni na Hashim Amla wa Afrika Kusini, aliyecheza kriketi miaka yote ile bila nembo ya bia iliyokuwa kwenye jezi za wenzake, kwa ruhusa iliyotolewa mapema.

Kuna jingine linalonivutia katika raga hiyo. Mchezo wenyewe ulizaliwa kwa mvutano wa namna hii. Tarehe 29 Agosti 1895, vilabu zaidi ya 20 vya kaskazini mwa Uingereza vilikutana katika hoteli ya George mjini Huddersfield na kujitenga na wakubwa wa raga wa wakati ule. Wachezaji wao walikuwa wachimba makaa ya mawe na wafanyakazi wa viwandani, Jumamosi ilikuwa siku ya kazi, na mtu akienda kucheza alikatwa ujira. Wakubwa walikataa asilipwe fidia. Wakaona mchezaji wa kweli hahitaji. Vilabu vikasema anahitaji, kwa sababu ana nyumba na watoto wanaokula. Walikubali kwamba mchezaji anaingia uwanjani na maisha yake yote, na wakaunda ligi nzima juu ya msingi huo. Miaka zaidi ya 120 baadaye bado kuna mtu anamwambia kijana aache maisha yake getini.

Kwa kocha nakubali jambo moja, na nalikubali shingo upande. Mwili usio na maji hupoteza kasi, na jua kali linaweza kumwangusha mchezaji. Akianguka, kocha ndiye atakayeulizwa. Hofu yake si ya kubuni. Lakini aliyeweka mazoezi saa nane mchana ni nani? Ramadhani haiji kwa kushtukiza. Kila mwaka huja mapema zaidi kwa siku 11 hivi, na kalenda iko kwenye simu ya kila mtu. Mazoezi yangewekwa saa moja kabla ya futari, au usiku baada ya tarawehe, kijana akanywa na kula mara tu akimaliza. Sisi hapa tunafunga kama saa 13. Mwislamu aliyecheza raga kaskazini mwa Uingereza Juni 2016 alifunga saa 18 na zaidi. Kama huko jambo linapangika, hapa linashindikana vipi?

Aprili 2021, Leicester walipocheza na Crystal Palace, kipa wa Palace aliuchelewesha mpira wa goli kwa muda mfupi tu ili Wesley Fofana na Cheikhou Kouyaté wafuturu. Manahodha na refa walikuwa wameshakubaliana kabla ya mechi. Kufika 2023 marefa wa Ligi Kuu ya Uingereza wakapewa mwongozo wa kuruhusu hilo. Mwaka huo huo shirikisho la Ufaransa likawaambia marefa wake wasisimamishe mechi kwa ajili ya kufuturu. Nchi mbili jirani, mchezo mmoja, saumu moja. Tofauti ni nani aliamua kukaa na kuzungumza.

Dini nayo ina nafasi zake, na hapa nawageukia maustadhi wetu kwa adabu. Msafiri ana ruhusa ya kula na kulipa. Aya ya saumu yenyewe inatuambia Mwenyezi Mungu anatutakia wepesi. Je, kijana huyu aliambiwa kabla ya kuondoka ni safari ipi inamruhusu na ipi haimruhusu, na akiwa kambini mwezi mzima hali yake ni ipi? Aliambiwa tu awe mwangalifu. Kula kwa ruhusa ya sharia ni ibada ndani ya ibada. Kula kwa kutishwa na kocha ni kuvunjwa moyo, na kijana aliyevunjwa moyo akiwa na miaka 18 hakimbii tena kama zamani.

Kamari nitaigusa kwa haraka, ingawa inastahili makala yake. Julai 2017 Everton walipokuja Dar es Salaam kucheza na Gor Mahia, timu zote mbili zilibeba kifuani kampuni ile ile ya kamari. Anayetia saini leo aulize jezi inasema nini, kabla hajaivaa.

Na msiniambie hili ni la Waislamu peke yao. Rafiki yangu wa Malindi ana mwana Msabato, beki mzuri sana, ambaye mashindano yakipangwa Jumamosi hubaki nyumbani. Hopoate si wa dini yangu, na namtetea kwa moyo ule ule ninaomtetea mtoto wa Langoni. Nikitaka Ijumaa ya kijana wetu iheshimiwe, siwezi kunyamaza kuhusu Jumamosi ya mwenziwe.

Jumamosi usiku tulikaa watu watatu, ami yake, ustadhi wake wa chuoni na mimi, tukaandika barua kwa klabu. Tumeomba mazoezi ya Ramadhani yahamishiwe jioni au usiku. Tumeomba Ijumaa aachiwe muda wa swala, na asivalishwe tangazo la kamari. Siku ya safari, kufunga au kutofunga aamue yeye kwa maelezo aliyopewa na ustadhi wake, ambayo tumeyaambatanisha. Nasi tumeahidi: daktari wa timu ampime kila wiki, na siku daktari akisema mwili umekataa, atapumzika bila ubishi. Nakala moja tumemtumia kijana aisome kwanza, na akarekebisha sehemu ya Ijumaa kwa mkono wake, akaandika kwamba atafidia muda huo asubuhi.

Ami yake anavuka Mokowe Jumatatu alfajiri kuipeleka mwenyewe. Klabu ikikataa, tumeiomba ikatae kwa maandishi, tujue ni kipi hasa kimekataliwa. Kijana ana miaka 18, timu haziko kule pekee, na barua hiyo hiyo tutaipeleka kwa nyingine kabla hajatia saini yoyote.