Vuta N'Kuvute: Yasmin amepata, Denge amepunjwa

Aliyesoma Vuta N'Kuvute, riwaya ya Adam Shafi, shuleni haendi kuitazama filamu yake mikono mitupu. Ameshamhurumia Yasmin, binti wa Kihindi wa miaka 15 aliyeozwa Bwana Raza aliyekwishapita hamsini. Ameshacheka na Mwajuma, shoga yake Yasmin, na kumchukia Koplo Matata, askari wa serikali ya kikoloni. Kwa hiyo filamu ya Amil Shivji, iliyooneshwa Toronto mwaka 2021 kisha Tanzania ikaipeleka kuwania Oscar, ilikuwa na mtihani mgumu zaidi nyumbani kuliko ugenini.

Wanaolalamika kwamba filamu imeacha mengi ya kitabuni siwapingi. Riwaya ya Adam Shafi inaishi kwa maneno: watu wa Ng'ambo, mtaa wa Unguja ulio nje ya Mji Mkongwe, wanataniana, wanapigana vijembe, wanabishana siasa za ukoloni mpaka usiku. Inamfuata Yasmin hadi Mombasa na kumrudisha Unguja. Ukiibana katika saa moja na nusu, lazima mtu aumie, na aliyeumia ni Denge, mpenzi wa Yasmin anayepigania uhuru. Kitabuni unaelewa kwa nini Mwingereza hapati usingizi kwa ajili yake: amesoma Urusi, anaingiza maandishi ya marufuku, ana wenzake na wana mipango. Kwenye filamu ni kijana jasiri anayependwa, lakini siasa yake tunaigusa juujuu tu. Hilo ni pengo kubwa, kwa sababu penzi lake na Yasmin lina uzito kwa kuwa ukoloni umewazunguka.

Ila kwa Yasmin nasimama na Shivji. Mahali ambapo msimulizi wa kitabu anatueleza machungu ya binti huyu, filamu inamwacha anyamaze, na sisi tunabaki na uso wake katika mwanga hafifu wa chumba cha Mji Mkongwe. Wapo wanaosema inakwenda polepole mno. Mimi naona msichana aliyeozwa bila kuulizwa ana haki ya kutazamwa bila haraka. Na kumpa Siti Amina nafasi ya Mwajuma ni uamuzi wa mtu anayeijua Zanzibar: ni mwimbaji wa taarab kwelikweli, akifungua kinywa Ng'ambo yote inarudi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mjadala huu wanaufanya wachache. Kumbi zetu za sinema zinahesabika, nazo ziko miji mikubwa. Mwanafunzi wa kidato cha sita kule Tabora anakariri wahusika wa Shafi kwa ajili ya mtihani, na Yasmin wa kwenye filamu hajawahi kumwona.