Mgeni wa Hamburg alale mtaa gani?

Kwetu Temeke mgeni hachagui mtaa, huchagua mwenyeji. Shangazi yako akiwa Mbagala, utalala Mbagala, hata kama shughuli zako zote ziko Posta na foleni itakumalizia asubuhi nzima. Hapa Hamburg, jiji la Ujerumani lililofunga udugu rasmi na Dar es Salaam mwaka 2010, wengi wetu tunaishi katika chumba kimoja na jiko, kwa hiyo ndugu anayekuja kutembea hana budi kutafuta hoteli.

Wenyeji wengi humwelekeza St. Georg, nyuma ya stesheni kuu. Sipuuzi sababu zao: kwenye barabara ya Steindamm na vichochoro vyake kuna nyama ya halali na misikiti, na kwa anayekuja mwezi wa Ramadhani hilo ni jambo kubwa. Hata hivyo, kandokando ya stesheni hiyo hukusanyika walevi na watumiaji wa dawa za kulevya, na sitamshauri mama mtu mzima aliyesafiri peke yake apite hapo usiku na mizigo. St. Pauli nayo, mtaa wa starehe za usiku, ina kelele hadi alfajiri.

Mwenye uwezo ninampeleka Altona, hasa upande wa Ottensen. Jumapili, maduka karibu yote ya Ujerumani yanapofungwa, ndani ya stesheni ya Altona bado utapata mkate na maziwa. Ukishuka mtoni unapanda feri namba 62 kwa tiketi ile ile ya treni, tofauti na pantoni yetu ya Kigamboni yenye nauli yake, na unaiona bandari bila kulipia safari ya watalii.

Asiye na fedha nyingi asiogope Wilhelmsburg, kisiwa kilichozungukwa na mikono ya mto Elbe. Sisi tuliozoea kupima umbali kwa foleni tukisikia "ng'ambo ya mto" tunadhani ni safari ya kutwa, kumbe treni ya S-Bahn hufika stesheni kuu kwa dakika kama kumi. Kwa maoni yangu, mgeni asilipie kuwa katikati ya jiji. Alipie kuwa karibu na kituo cha treni, na karibu na mtu wake kama anaye. Mama mdogo alipokuja nilimtafutia chumba Wilhelmsburg, kituo kimoja kutoka kwangu. Alilala hotelini, lakini chakula cha jioni alikula kwangu siku zote kumi na mbili.