Tembo wa Rangi Tatu

Nina wiki ya tatu sasa naishi na tembo asiyekauka. Chumba na sebule, Mbagala Rangi Tatu, watu watano na tembo mmoja, na tembo ndiye mwenye nafasi nzuri kuliko wote maana yuko juu ya kabati, ukimweka chini watoto wanamgusa, ukimweka nje vumbi linamganda, ukimtundika Mama Nasra anauliza huo ukuta atakuja kuupaka nani siku tukihama. Kila asubuhi kabla sijaenda kazini napanda stuli namgusa sikio kwa kidole. Kidole kinarudi na kijivu. Najifuta kwenye suruali, suruali ya kazini hiyo, halafu nasonya, halafu natafuta daladala.

Mambo haya kaniletea shemeji yangu. Yeye anaendesha gari za watalii, alikuja Idi akala pilau akashiba akaegemea ukuta akaanza, shem, wewe unakaa tu, wazungu wananunua picha za wanyama kwa dola, tembo mmoja na jua linazama nyuma yake, basi, umemaliza ada ya mtoto. Mimi ni mtunza stoo kwenye duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo, makopo ya rangi nayahesabu mpaka ndotoni, nikajisemea hii kazi imenitafuta yenyewe mpaka nyumbani.

Sasa sikia. Kwetu dukani ukisema rangi ya mafuta ni ile ya milango na madirisha, ile inayong'aa, unapaka jioni, kesho yake unafunga mlango kama kawaida. Nikabeba kopo la lita moja, la kijivu, na chupa ya tina, nikamfuata mwalimu mmoja kule Mwenge anayefundisha kuchora kila Jumamosi. Kafungua kopo, kanusa, kanitazama kama nimemletea uji uliochacha. Kumbe rangi ya mafuta ya wachoraji ni kitu kingine kabisa, ni unga wa rangi umekandwa na mafuta ya mbegu za kitani, inakuja kwenye kityubu kama cha dawa ya meno, na si kile kikubwa, kile kidogo cha kusafiria, na bei yake siitaji hapa kwa sababu Mama Nasra anasoma.

Kaniambia pia nitafute turubai. Nimezunguka Kariakoo nzima, kila duka nikisema turubai napelekwa nyuma kwenye yale mabuluu ya kufunikia malori, mzee mmoja mwenye maturubai ya kukodisha akanishika bega kwa upole akaniuliza msiba ni wa nani na mnatarajia watu wangapi. Nilishindwa hata kumjibu. Utamwambiaje mtu ana huruma namna ile kwamba unataka kipande cha futi mbili uchoree tembo.

Bei za tyubu zilinifanya nimwambie mwalimu ukweli, tyubu kumi na mbili mimi siziwezi. Akasema hazina haja, chukua nyekundu, njano, bluu, na nyeupe ya kuchanganyia, rangi tatu zinakutosha kupaka pori zima. Rangi tatu! Miaka kumi na moja nakaa Rangi Tatu sijawahi kuona faida ya jina la mtaa. Na kweli ukizichanganya zinatoa kila kitu, ila zina masharti kama mganga. Kijani unachanganya bluu na njano halafu unatia nyekundu chembe tu kuivunja makali, usipotia majani ya mgunga yanakuwa jezi ya Yanga, na mimi ni mtu wa Simba, nyumbani kwangu haiwezekani. Tembo nae usimpake nyeusi na nyeupe, hapo umepaka ukuta wa sementi. Unatafuta kahawia kwa zile tatu, unaipeleka kwenye bluu, unaipunguza na nyeupe, na mwalimu anasema ukikwama kumbuka tembo porini hana rangi moja, anajimwagia udongo, kwa hiyo anakuwa na rangi ya udongo wa pale alipo. Nikamuuliza tembo wa Mbagala angekuwa na rangi gani. Akasema ya mchanga na mifuko ya plastiki.

Tatizo langu kubwa lakini halikuwa rangi, lilikuwa tembo mwenyewe. Mimi tembo sijamuona. Nimezaliwa Temeke, mnyama pori wangu ni kunguru, na hata huyo si wa kwetu, waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 eti wale takataka, wakavuka wakahamia huku, na wanakula takataka kweli pamoja na sabuni na vifaranga. Mara moja tu nimepita Mikumi, barabara ya Iringa inakata katikati ya hifadhi, basi zima likapiga kelele tembo, tembo, watu wakasimama, mimi nimekaa upande wa pili na mama mwenye mtoto mgongoni kaniziba dirisha. Nilichokiona ni mtoto. Mtoto ndiye aliyemuona tembo.

Ndipo akili ikanijia. Noti ya shilingi elfu kumi ina tembo! Bure kabisa, kachorwa vizuri na serikali. Nikatoa noti, nikaiegemeza kwenye kikombe, nikakaa kama msanii wa Ulaya na modeli wake. Nimechora sikio moja na jicho, luku ikakata. Mama Nasra akaja akambeba modeli wangu bila hata kumuomba ruhusa, kaenda nae dukani, karudi na tokeni na chenji. Chenji ikaja na faru, maana elfu tano ina faru. Nikasema sawa, tuchore faru wa pembeni, pori si la tembo peke yake. Kesho yake faru kaenda kununua maharage na mkaa. Akabaki simba wa elfu mbili, nae huyo hata kivuli sijamuweka, Nasra kaondoka nae shule kuna mchango. Kufika tarehe ishirini na mbili mezani kwangu pamebaki elfu moja, nimekaa natazamana na Mwalimu Nyerere, na Mwalimu heshima zote lakini siwezi kumuuzia mzungu kama mnyama. Mama Nasra ananiambia chukua sarafu, mia mbili ina simba. Hiyo sarafu imesuguliwa na makonda mpaka simba anafanana na bibi yangu.

Kwa hiyo tembo wangu nimemchora kwa awamu, mshahara ukiingia nachora mara mbili, tatu, ukiisha nasubiri. Noti ya pili ilikuwa imekunjwakunjwa, nikachora mkunjo wa noti nikidhani ni mkunjo wa ngozi, ndiyo maana ana mstari umenyooka kama rula kwenye paji la uso. Na miguu sikuwa na pa kuitoa, nikaazima kwa mbuzi wa jirani. Hapo ndipo uwanja mzima ulipopata la kusema. Kwanza kijana wa bodaboda, "Baba Nasra, hongera, hilo trekta umelipatia." Mama mwenye nyumba akasema yeye anaona ni yule mpangaji aliyehama bila kulipa. Fundi seremala wa pale mbele, mtu wa Songea, tembo amewakimbia kwa miguu yake utotoni, ndiye aliyesema la maana, tembo gani miguu ya nyuma imekunjika kama ya mbuzi, tembo goti lake la nyuma linakunja kwenda mbele, kama la mtu. Mwalimu baadae akathibitisha. Ilibidi nifute miguu miwili, kazi ya jioni tatu, na mbuzi akawa ananiangalia.

Sasa kuhusu kukauka, hapa naomba mnisikilize kwa makini maana hakuna aliyeniambia mapema. Rangi hii haikauki kama maji yanavyokauka. Hakuna kinachopanda juu kwenda zake. Mafuta ya kitani yanavuta hewa ya oksijeni, yanajibadilisha polepole mpaka yanakuwa magumu, na polepole yenyewe ni siku kadhaa kama umepaka nyembamba, wiki na wiki kama umepaka nene. Sheria yao ni moja, tabaka la chini liwe jepesi, lililokatwa na tapentaini, mafuta uyaongeze kadiri unavyopanda juu. Mimi nilielewa kinyume, nikamimina mafuta chini kama nakaanga samaki, halafu juu nikabandika rangi kwa kisu ili ngozi ipate makunyanzi. Juu ikashika ngozi kidogo, chini bado mchuzi. Na vile vitambaa vya kufutia brashi huruhusiwi kuvifinyanga ukatupa pembeni, vinapata joto vyenyewe vinaweza kuwaka moto bila kiberiti, kwa hiyo navianika kwenye kamba, vimenyooshwa, katikati ya madira ya Mama Nasra. Anavyoniangalia siku hizi naona kama tapentaini ndiyo yenye nafuu.

Wakati mwingine usiku nalala nafikiria Mzee Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga, kaanza kuchora hapahapa Dar mwaka 1968, hakuhangaika na kitani cha mtu. Kachukua hadibodi, kachukua rangi za kupakia baiskeli, kachora chui wake mwenye madoa na ndege wake, mkewe anakwenda kuuza pale Morogoro Stores, Oysterbay. Rangi ile inakauka kabla hujamaliza kula. Kafariki 1972, miaka minne tu, na mpaka leo watu wanaishi kwa jina lake. Na mimi nimelalia rundo la makopo ya rangi kama ile ile kazini! Nilipomwambia mwalimu nataka kuhamia huko akasema maliza kwanza tembo. Na jua libadilishe, maana nilikuwa nimeweka jua linazama baharini. Akaniuliza wewe mtu wa Dar umeona wapi jua linazama baharini, bahari yetu iko mashariki. Ni kweli. Miaka yote hii jua langu linazama nyuma ya nguzo ya umeme.

Jumamosi iliyopita nimemgusa tembo, kidole kikarudi kisafi. Nilipiga kigelegele, mwanaume mzima. Nikavaa shati, nikachukua ada ya mwalimu, noti moja ya elfu kumi, nikabeba picha mikononi nikapanda gari ya Makumbusho. Imejaa. Nimesimama, picha nimeikumbatia, uso wa tembo nimeutazamisha nje ili wanyama wangu wasisuguane na vifungo vya shati. Konda anapiga kelele, "Anko sogea nyuma, na huyo ng'ombe wako asogee." Kwa Aziz Ali akapanda mzee mmoja, kanzu nyeupe pee, imepigwa pasi mpaka mikono inakata, kofia ya kiua, udi unanukia gari zima likakaa kimya. Anakwenda harusini Magomeni, yeye ndiye msemaji wa upande wa bwana harusi, alilisema hilo kwenye simu mara tatu. Akasimama mbele yangu, kanipa mgongo.

Joto lile mnalijua. Kuanzia pale mpaka Chang'ombe kuna foleni, kila dereva akikanyaga breki gari zima linakuja mbele, mimi na tembo tunakwenda kwa mzee, mzee anasema samahani, mimi nasema samahani, tunarudi. Ile ngozi ya juu ikapasuka. Niliisikia, sauti ndogo kama mtu kapasua ganda la yai. Nikajua. Nikatazama dirishani kama mtu anayehesabu nguzo.

Mzee anashuka Magomeni, konda nae mdomo huo, "Mzee wangu, umeshuka na tembo mgongoni." Gari zima likageuka. Na jamani, alikuwa mzuri. Sijawahi kuchora tembo vile. Kageuka upande wa pili tu, sikio la kushoto limekuwa kulia, lakini macho, mkonga, hata ule mstari wa noti, vyote vimetokea kwenye kanzu. Nimeshuka nae, sikuweza kukimbia, na ushahidi nimeukumbatia. Mzee hakupiga kelele, afadhali angepiga. Akavuta kanzu shingoni kutazama nyuma, haoni, akaniuliza, "Mwanangu, ni kitu gani hicho?" Nikasema tembo, shikamoo. Akasema marahaba, na anatoka? Nikamwambia ukweli, mzee wangu, mimi nimemsubiri wiki mbili akauke, kutoka sijui kama atatoka. Nikampa ile elfu kumi ya dobi. Akaitazama noti, akamuona tembo, akanitazama mimi, akaazima koti la mpita njia anayemfahamu akaenda kuoza mtu.

Nimefika Mwenge kwa mguu tangu Magomeni, sina ada, picha nimeshaona aibu hata kuitazama. Katikati tembo kafifia, kingo zimeyeyuka, nyuma yake migunga imekuwa moshi wa bluu. Nikaweka mezani nikaanza kujieleza kuhusu ada. Mwalimu ananyamazisha kwa mkono. Kainama. Kasogea nyuma, kasogea mbele. Akawaita wengine, njooni muone, wiki zote nawaimbia vitu vya mbali vinafifia, vinakuwa na bluu, kingo zinalainika, huyu kaelewa, oneni ukungu wa asubuhi huo. Halafu akaniuliza, "Umelainisha na nini, brashi kavu?"

Nikasema ndiyo, kavu.

Ada kanisamehe wiki hii. Ila Jumamosi inayokuja kanipangia nisimame mbele niwaonyeshe wenzangu jinsi nilivyofanya, na mimi nina kanzu moja tu, ya Idi, na Mama Nasra ameshaanza kuuliza iko wapi.