Ukuta Una Wenyewe

Mtu wa kwanza kuniambia "usipoziba ufa utajenga ukuta" nilimsamehe. Wa pili nikamtazama tu. Kufikia Magharibi nusu ya Mji wa Kale wa Mombasa ilikuwa ishapita mbele ya nyumba yetu, na kila mmoja anasimama, anatikisa kichwa, kisha anaitoa ile mithali utadhani kaitunga yeye asubuhi hiyo kwa ajili yangu. Jamani! Ukuta ushaanguka. Hilo mnaloniambia ni la mwaka jana. Niambieni la leo: mawe haya njiani nani atayaokota?

Kilichoanguka ni ubavu wa kusini. Mei hii masika yamekolea na kusi linavuma kutoka baharini, basi mvua badala ya kushuka toka juu kama mvua yenye adabu zake, inakuja kwa ubavuni usiku kucha. Alfajiri tukasikia kishindo. Bibi yangu akasema ni paka. Nikatoka na kikoi, nikakuta kipande cha ukuta chenye upana wa kitanda kimelala uchochoroni, na chumbani kwa mama mkwe kumeingia mwangaza ambao haujaingia tangu nyumba ijengwe. Mama mkwe yuko kitandani, tasbihi mkononi, anatazama nje. "Alhamdulillahi," akasema, "angalau sasa pana hewa."

Fundi wa kwanza alikuja na simu sikioni. Akatazama juu, akatazama chini. "Bosi, hii kazi ndogo. Saruji na bloki, kesho kutwa unasahau." Nikampenda sana kijana yule. Ubaya ni kwamba barazani alikuwa ameketi mzee mmoja, mwashi wa zamani, anakunywa kahawa yake tungu hana neno na mtu. Akaweka kikombe chini, akainuka polepole, akaugonga ukuta uliobaki kwa kifundo cha kidole. Ko, ko, ko. Akasogea hatua mbili. Bwe, bwe.

"Umesikia, mwanangu? Hapa plasta imeshikwa na haya tu."

Kisha akainama kwenye kifusi akaniokotea jiwe. Upande mmoja lina gamba la saruji la kijivu, gumu, nene kiasi cha kidole. Upande wa pili ni tumbawe lenyewe, bado vile vijinyota vya baharini vinaonekana, lakini ukilipitishia dole gumba linamomonyoka unga. Akaniambia onja. Basi mtu mzima mimi, na ndevu zangu, mbele za majirani, nikaramba ukuta. Chumvi tupu!

Mzee akaanza darsa. Nyumba hizi wazee walizijenga kwa mawe ya matumbawe, wakayashikisha kwa chokaa na udongo mwekundu, ukuta unene wake kiasi cha nusu mita. Mvua ikinyesha, ukuta unakunywa. Jua likitoka, ukuta unatoa jasho, mambo yamekwisha. Sasa akaja ami yangu, Mungu amrehemu, aliyetaka nyumba ifanane na majumba ya kisasa ya Nyali. Akaupaka ukuta saruji juu hadi chini. Saruji haipumui. Pakitokea mwanya hata wa unywele, maji yanaingia na hayana pa kutokea, yanakaa humo na chumvi ya bahari. Chumvi ikikauka inafura ndani ya jiwe, na jiwe linapasuka. "Ami yako," akasema mzee, "alimnywesha mtu maji miaka yote, akamfungia mlango wa choo."

Kwa hivyo ni chokaa. Yule kijana wa kesho kutwa akaenda zake, nami nikamtazama akipotea kwenye kona kwa majonzi makubwa.

Chokaa lakini lina madaha yake. Kwanza lizimwe kwa maji, lichemke, lipoe, lilale. Hakuna kuliharakisha. Nikasema basi mchanga angalau ni bure, bahari si ile pale? Mzee akanitazama jinsi mwalimu anavyomtazama mtoto wa mwisho darasani. Mchanga wa baharini una chumvi, na chumvi ndiyo iliyotufikisha hapa. Naishi hatua chache kutoka pwani na mchanga naununua! Unaletwa mpaka barabarani kwa lori, halafu kwa mkokoteni, kwa sababu uchochoro wetu lori likiingia nalo litakuwa ukuta.

Na hayo yote si kitu mbele ya hili. Plasta ya chokaa hupakwa tabaka jembamba jembamba, na kila tabaka halitaki kukauka upesi, likikauka upesi linapasuka. Basi lifunikwe magunia, na magunia yaloweshwe asubuhi, adhuhuri na jioni. Mmenielewa? Ukuta umeangushwa na maji, na sasa mimi naamriwa niumwagilie maji. Tena mvua nayo, siku ile ile tuliyopaka tabaka la kwanza, ikakatika! Mbingu nyeupe, jua la kukaanga samaki. Bomba limekauka. Maji ya mji huu yatoka Mzima kule Tsavo na Baricho kule Sabaki, safari ndefu, na siku nyingine yanachoka kabla ya kufika kwetu. Nikawa nanunua mitungi ya lita 20 kwa mwenye mkokoteni. Bibi yangu akiulizia maji ya kufulia, namwambia ngoja, ukuta haujanywa.

Jirani mmoja, mtu wa maneno, akaniuliza mbona Ngomeni pale, Wareno walianza kuijenga 1593 na haijaanguka. Nikamwambia Fort Jesus ina serikali, na tangu 2011 ina UNESCO pia. Nyumba yetu ina warithi.

Hao ndio ugonjwa wenyewe. Chini kuna duka tumelipangisha, na siku ya kodi warithi hawana idadi: yuko wa Maskati, yuko wa Jeddah, wako wa Kisauni, na hesabu ya faraidhi inapigwa mpaka senti ya mwisho. Siku ya ukuta mrithi ni mimi, eti kwa kuwa ndiye nilalaye ndani. Nilituma picha ya kifusi kwenye kundi letu la WhatsApp, na chini yake nambari yangu ya M-Pesa, kwa herufi zinazosomeka. Nikaletewa mikono ya dua. Mikono mingi, wallahi, na hakuna hata mmoja wa kushika mwiko. Binamu wa Maskati hakutuma hata hiyo mikono. Alisoma tu, akanyamaza.

Juzi mzee amekung'uta karai lake, ukuta umemalizika, mweupe pe! Mama mkwe analalamika kwamba chumba kimerudi giza. Nikapiga picha nikaitupa kundini. Haikupita dakika, binamu wa Maskati kaibuka.

"Mashallah, nyumba imependeza! Sasa jamaa, kodi ya duka si tuipandishe?"

Nimemtumia mikono ya dua.