Kibanda cha kusukuma: tuanze na maji, sola baadaye

Kila linapokuja suala la kuwatengenezea wauza vyakula wa Unguja vibanda vya kisasa vya kuhamishika, mchoro huanzia juu: paneli ya sola, taa, rangi ya kuvutia. Mimi ningeanzia chini, kwenye magurudumu na dumu la maji, maana huko ndiko kazi inakokwama.

Hoja za kuvitaka vibanda hivyo ni nzito. Mji Mkongwe uko kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na vichochoro vyake havina nafasi ya banda la kudumu. Forodhani, iliyofunguliwa upya mwaka 2009 baada ya ukarabati, mchana ni bustani ya kupumzikia, jioni ni moshi wa mishkaki na pweza; yote mawili yanawezekana kwa sababu meza huja na kuondoka. Halafu kuna afya. Mwaka 2016, kipindupindu kilipochachamaa, uuzaji wa vyakula barabarani ulipigwa marufuku. Amri ya namna hiyo haimchagui msafi na mchafu; wote hukosa riziki siku moja.

Lakini muuzaji naye ana lake. Wateja wanamfuata kwenye kona yake, na kona ile ni mtaji kuliko sufuria. Chenye magurudumu ni rahisi kuambiwa kiondoke. Hofu hiyo ni ya haki, na mchoro mzuri peke yake hauiondoi.

Mchukue mama anayeuza urojo, ile supu nzito ya manjano. Sufuria liko motoni, pembeni bajia, kachori, viazi, chipsi za muhogo, chatne ya nazi. Bakuli likirudi huchovywa kwenye ndoo, hupanguswa, hujazwa tena. Ikifika saa mbili usiku, maji ya ndoo yameshageuka manjano. Dawa yake inajulikana: dumu la lita 20 lenye koki, na jengine tupu chini la kupokea maji machafu. Ila maji hayo tu ni kilo 20. Mtungi wa gesi wa kilo 6, pamoja na chuma chake, unakaribia kilo 13. Bado mafuta, vyombo, na kibanda chenyewe. Nani atausukuma mzigo huo kutoka Mwembetanga hadi Forodhani, tena kila siku? Na dumu la maji machafu likijaa limwagwe wapi, kama si kwenye mtaro unaoishia baharini? Bila bomba na shimo la maji machafu karibu, tutakuwa tumemtwika mama kazi ya Manispaa.

Sola ina nafasi yake, ila tusiipe isiyo yake. Paneli ya wati 100, jua likiwa zuri, hutoa kiasi cha wati-saa 400 hadi 500 kwa siku. Inatosha taa na simu usiku kucha. Jiko la umeme la kukaangia, la wati 1,800, litaumaliza umeme huo kwa robo saa. Hata hivyo, anayekumbuka ile miezi mitatu ya giza, kuanzia Disemba 2009 umeme wa kutoka Bara ulipokatika, hatoidharau taa ya sola.

Kwa moto, basi, chaguo ni gesi au mkaa. Mkaa unamaliza misitu, lakini hununuliwa kwa kopo, kwa pesa ya leo. Gesi inataka pesa ya mtungi mzima kwa mara moja. Na Kusi ikivuma pale ufukweni, moto wa gesi unalala. Mimi naegemea gesi, kwa sharti kiwepo kikinga upepo cha bati na utaratibu wa kulipia mtungi kidogokidogo.

Umbo la kibanda lifuate mafundi wetu. Hewa ya chumvi huanza kula chuma pale kilipochomelewa. Fremu ya mbao ataitengeneza seremala wa mtaani, na magurudumu ya baiskeli yana fundi kila kona. Chuma kisichoshika kutu ni ghali, kwa hiyo kiwekwe pale chakula kinapogusa tu, maana mbao hunywa mafuta.

Kabla ya kuagiza vibanda mia, kitengenezwe kimoja, kipewe muuza urojo mmoja kwa Masika nzima, mchoraji awe karibu na kalamu yake. Na siku vitakapogawiwa, kila kibanda kitoke na kibali kinachotaja kona ya mwenyewe kwa maandishi.