Mtumiaji aite programu zake, ila sheli ikae pembeni

Ukitengeneza programu ya mstari wa amri ukang'ang'ania kuiwekea kila kitu ndani, umejitafutia kazi isiyoisha. Leo mwenye duka Kariakoo anataka ripoti ya stoku itoke kwenye printa ya risiti, kesho wa Sinza anataka itumwe kwa bosi. "Kaka, niongezee na hiki." Bora umwachie nafasi kwenye faili la mipangilio aandike amri yake, programu yako iiite tu.

Git, programu ya kutunza historia ya msimbo aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 2005, inaruhusu hivyo: weka kwenye PATH (orodha ya folda ambamo mfumo hutafuta programu) skripti iitwayo git-ripoti, kisha andika git ripoti, nayo inaitikia kana kwamba imezaliwa humo. Cargo ya lugha ya Rust na kubectl ya Kubernetes nazo ni vilevile.

Ugomvi wangu ni namna amri inavyoitwa. Wengi huchukua maandishi ya mtumiaji, wanabandika jina la faili mwishoni, wanaikabidhi sheli (programu inayosoma mstari wa amri na kuuendesha) mzigo wote. Sasa mteja ana faili liitwalo Juma & Wanawe.csv. Sheli ikiiona ile & inaikata amri hapohapo: kipande cha kwanza kinaendeshwa chinichini kikiwa na "Juma" peke yake, halafu inaanza kutafuta programu iitwayo Wanawe.csv. Hapo umepona. Jina lingetungwa na mtu mbaya, baada ya & ingefuata amri ya kufuta folda. Mwaka 2016 ImageMagick, programu ya kuchakata picha, ilikutwa na tundu la ukoo huohuo, ImageTragick: maandishi kutoka kwenye picha yalipenya hadi kwenye amri za nje bila kuchujwa vya kutosha, na seva zilizopokea picha za wageni zikawa hatarini.

Ndiyo maana nasema amri iandikwe kama orodha, programu kwanza, kisha kila hoja (kile programu inachopewa, kama jina la faili) peke yake. Jina la faili linapita zima, na & yake na nafasi zake. Anayeitaka sheli aiite mwenyewe kwa kuandika sh -c (wapo, na wana sababu zao).

Halafu mipangilio isomwe kwenye folda ya nyumbani ya mtumiaji, si kwenye folda ya mradi aliyotumiwa jana. Ukikopi mradi kwa Git, faili la mipangilio la mwenzako, .git/config, haliji nao. Mwaka 2022 Git ikaongeza ukali, ikaanza kukataa folda inayomilikiwa na mtumiaji mwingine mpaka uiidhinishe kwa mpangilio uitwao safe.directory, maana mipangilio ya humo inaweza kutaja amri ya kuendeshwa. Usumbufu upo. Kwenye mashine ya ofisi inayotumiwa na watu kadhaa, mimi nauchagua usumbufu.